Kuziba jino bila mashine: hatua kwa hatua, kwa tabibu wa kituo kidogo

Umeme umekatika, watoto wamejaa kwenye benchi, na mama mmoja wa Mbagala anakuomba: "Dokta, ling'oe tu, mdudu ameshalimaliza. Litaota jingine." Kabla hujashika koleo, hesabu meno. Mtoto ana miaka saba, na jino lenye tundu ni gego la mwisho kabisa nyuma. Hilo si la utoto. Huota karibu na miaka sita, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kama limekuja. Ukiling'oa, hakuna jingine.

Njia ninayoieleza ilianzia hapahapa Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa kwenye shule ya meno ya hapa, alianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu, ili mtu asiye na umeme wala mashine karibu naye apate tiba zaidi ya kung'olewa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Usiifanye kwa unyonge, kana kwamba ni tiba ya kubangaiza.

Hatua ya 1: Chagua jino. Linauma lenyewe usiku? Ufizi una jipu? Jino linacheza? Kiini, ile nyama laini ya ndani yenye neva, kimeonekana? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usizibe, andika rufaa. Na mtoto aliyekulia Arusha akija na madoa ya kahawia kwenye meno magumu yasiyo na tundu, hayo ni ya floraidi nyingi ya maji ya kule. Usichokoe.

Hatua ya 2: Mlaze. Meza ya kawaida inatosha. Viringisha kanga ya mama, iweke chini ya shingo, kichwa kielekee dirishani, nawe ukae nyuma yake. Weka vibunda vya pamba pande zote za jino, na uvibadilishe kila vinapolowa. Mate yakiingia, kazi yote imeharibika.

Hatua ya 3: Fungua mlango. Tundu likiwa dogo, ingiza kishoka cha meno na ukizungushe huku na huku. Kingo dhaifu zitavunjika zenyewe. Unataka kijiko kidogo cha meno cha kuchokolea kiweze kuingia, basi.

Hatua ya 4: Chokoa. Hapa usiwe na haraka. Anza kwenye kuta za tundu, pale enameli, ganda gumu la nje, inapokutana na dentini, tabaka la chini yake, kwa sababu uozo ukibaki ukingoni saruji ya kuzibia haitashika na tundu litaanza upya kwa chini. Zungusha kijiko kwa mviringo. Dentini iliyooza hutoka laini, yenye majimaji, kama nyama ya dafu. Endelea mpaka kuta ziwe ngumu na kijiko kikwaruze. Ukifika sakafuni mwa tundu, karibu na kiini, legeza mkono. Ukigusa kitu kinachonyumbuka kidogo kama ngozi ya kiatu, kiache, hata kama kina rangi. Bado kinaweza kupona kikifunikwa vizuri, ila ukikitoa chote unaweza kutoboa kiini. Mara nyingi ganzi haihitajiki, kwani sehemu iliyokufa haina maumivu.

Hatua ya 5: Andaa na changanya. Paka asidi ya kuandalia, inayosafisha tundu ili saruji ishike, kwa sekunde 10 hadi 15, safisha kwa pamba yenye maji mara mbili tatu, kausha kwa pamba kavu. Usipulize mpaka jino likakauka kabisa. Kisha changanya saruji ya glasi ionoma, unga na maji yake, kwa vipimo vya kwenye boksi, umalize ndani ya nusu dakika. Iwe inang'aa kama uji wa moto.

Januari moja, joto la Dar likiwa kali, nilichelewa kuingiza saruji na mng'ao ukapotea. Nikaitumia hivyohivyo, nikiogopa kupoteza dawa. Baada ya wiki tatu mama akarudi na zibo lililong'oka, kijiwe kimefungwa kwenye karatasi. Tangu siku hiyo, ikipoteza mng'ao naitupa, na wakati wa joto kioo cha kuchanganyia nakipoza kwanza kisha nakifuta mpaka kikauke.

Hatua ya 6: Jaza na ubonyeze. Jaza kupita kidogo, ufunike na vijibonde vya jirani juu ya jino pia. Paka vaselini kwenye kidole chenye glovu, kandamiza kwa nusu dakika hivi, kisha toa kidole kwa kukitelezesha pembeni. Ukikinyanyua juu utaivuta saruji. Ondoa ziada, pima mng'ato kwa karatasi ya kaboni, paka vaselini tena. Asile kitu kwa saa moja.

Kwa mtoto wa miaka miwili mitatu asiyetulia, kuna silva diamini floraidi ya asilimia 38, dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ambayo tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Paka vaselini midomoni, kausha jino, gusa tundu kwa brashi ndogo, subiri dakika moja. Inazuia uozo usiendelee, lakini sehemu iliyooza inageuka nyeusi tii na inabaki hivyo. Mwonyeshe mama picha na upate ridhaa yake kabla ya kufungua chupa, la sivyo kesho atakuja kulia kwako. Usimpake mwenye mzio wa fedha.

Kabla hawajaondoka, ongea na mama kuhusu ubuyu, kashata na barafu za ukwaju. Mimi sikatazi, nasema viliwe kwa wakati mmoja pamoja na chakula, maana kila mlo wa sukari unaleta asidi mdomoni. Mswaki mara mbili, wa usiku usikosekane, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, cha punje ya njegere kuanzia hapo. Ateme, asisukutue.

Mpe tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Siku hiyo pitisha kifaa taratibu ukingoni mwa zibo. Kikikwama, ongeza saruji pale palipofunguka. Huna haja ya kubomoa lote.