Anza na nomino: kutunga sentensi kwa maneno ya Kiingereza yanayoandamana

Kitenzi "piga" kina kazi nyingi katika Kiswahili: tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, kura, hodi, hata chafya. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kuzibeba zote. Simu huandamana na "make": "I made two calls this morning." Picha hutaka "take": "She took a picture of the bus." Kura ina "cast", ambayo haibadiliki katika wakati uliopita: "He cast his vote before noon." Pasi na hodi hazihitaji jozi, maana "iron" na "knock" zinajitosheleza: "He ironed his shirt." Mswaki ndio kichekesho, kwa sababu Kiingereza hakiutaji kabisa, kinataja meno: "Brush your teeth before bed."

Basi usianzie kwenye kitenzi. Shika nomino kwanza, kisha uulize inaandamana na nani. Kwenye kamusi ya wanaojifunza Kiingereza fungua "decision", usifungue "make", kwa kuwa chini ya "make" maana zimejazana na utapotea. Nakili daftarini jozi nzima pamoja na vijineno vyake, na maana yake ya Kiswahili pembeni: "make a decision about". Hiyo "a" na hiyo "about" ndizo zinazowaponza wengi.

Kisha izungushe jozi hiyo katika sentensi nne. Ya wakati uliopita: "We made a decision about the rent." Ya kukanusha: "We haven't made a decision yet." Ya kuuliza: "Who made this decision?" Ya nne ipachike kivumishi katikati: "She made a difficult decision." Kesho yake funika Kiingereza, soma Kiswahili tu, useme jozi kwa sauti. Tano kwa siku zinatosha. Ukikomba ishirini, nyingi hazitakaa.

Madarasani hufundishwa kwamba "make" ni kuunda kitu na "do" ni kutenda kazi. Inasaidia kiasi: "make a cake", "do your homework". Lakini "make the bed" ni kutandika kitanda, wala hakuna seremala hapo, na mafuriko yakiharibu shamba tunasema "The floods did a lot of damage." Pale kanuni inapogoma, kariri jozi.

Kosa sugu zaidi hutokana na nomino kukopesha kihusishi chake kwa kitenzi cha ukoo wake. "We had a discussion about the budget" ni sahihi, kwa hiyo mtu anaandika "We discussed about the budget", na hapo ameharibu. Kitenzi "discuss" hupokea jambo moja kwa moja: "We discussed the budget." Ndivyo ilivyo kwa "request": "I made a request for a refund", lakini "I requested a refund." Pia "put emphasis on safety", ila "emphasise safety".

Vivumishi navyo vina wenzao. Chukua "kali". Kahawa kali ni "strong coffee", kisu kikali ni "a sharp knife", mwalimu mkali ni "a strict teacher", mbwa mkali ni "a fierce dog", maumivu makali ni "severe pain". Ukisema "a sharp teacher", umemsifu kwa wepesi wa akili, hukulalamikia viboko vyake. Mvua kubwa ni "heavy rain". "Big rain" inaeleweka, ila inasikika kigeni.

Dawa, hata ya maji, ni "take": "Take this medicine twice a day." Televisheni huwashwa kwa "turn on", kwa hiyo "open the TV" itaeleweka kama kuifungua kwa bisibisi.

Mwisho, iangalie "take place". Haina "a", haipokei yambwa, wala haigeuzwi kuwa kauli ya kutendwa. Kwa kuwa Kiswahili husema mkutano "ulifanyika", wengi huandika "The meeting was taken place." Iandike hivi: "The meeting took place on Monday."