Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kupisha Baridi Jangwani

Majira ya baridi ya mwaka 2020 kuingia 2021, mimi na mume wangu, wote wastaafu, tuliondoka Minnesota na gari letu la kuishi ndani, lile ambalo Wamarekani huliita RV, tukaenda kukaa jangwani karibu na mji mdogo wa Quartzsite, magharibi mwa Arizona. Tulikuwa tunaikimbia theluji, lakini zaidi tulikuwa tunaukimbia msongamano, kwa kuwa chanjo ya korona ilikuwa bado haijatufikia na jengo tulilopanga lilikuwa na lifti moja kwa ghorofa zote. Kule magari yaliegeshwa mbalimbali, watu walisalimiana kwa kupunga mkono, na jioni kila mtu aliketi mbele ya moto wake. Wakanada, ambao kwa kawaida hufurika huko, walikuwa wachache kwa sababu tangu Machi 2020 mpaka wa nchi kavu ulikuwa umefungwa kwa safari zisizo za lazima. Kwa wenzangu mnaofikiria safari kama hiyo, jiandaeni hivi.

Lipieni kibali mapema. Katika maeneo ya kukaa muda mrefu yanayosimamiwa na serikali kuu, kama La Posa, sisi tulilipa dola 180 kwa msimu wote, ambao huanza tarehe 15 Septemba na kuisha tarehe 15 Aprili. Kibali hicho hakikuletei umeme wala bomba la maji hadi mlangoni. Utapata mahali pa kujaza maji, pa kumwaga maji machafu na pa kutupa taka, basi. Ukiegesha kwenye ardhi ya serikali nje ya maeneo hayo, siku 14 zikiisha unatakiwa uhame.

Maji pimeni kwa siku, si kwa mazoea ya nyumbani. Paneli za jua zinahitaji betri nzuri, maana mchana wa Desemba ni mfupi na usiku baridi hukaribia kuganda. Hita ya gesi isiwashwe bila king'ora cha hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi, na betri ya king'ora hicho ijaribiwe kabla ya safari. Dawa za presha na sukari zichukueni za miezi 3 kama daktari na bima wanaruhusu. Hospitali zijueni kabla hamjaumwa: iko moja Parker, yapata kilomita 55 kaskazini, na wakati wetu ilikuwepo nyingine Blythe, ng'ambo ya Mto Colorado upande wa California, lakini kwa matatizo makubwa ni Phoenix, zaidi ya kilomita 200. Januari 2021 Arizona ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoelemewa zaidi na korona, kwa hiyo kitanda halikuwa jambo la kutegemea.

Sasa nisikilizeni kwa makini juu ya vumbi, kwa sababu hili hakuna aliyetuambia. Wiki yetu ya mwisho upepo ulivuma kwa nguvu, na gurudumu la nyuma lilikuwa limezama kwenye mchanga. Mume wangu alichimba kwa sepetu karibu saa nzima. Barakoa, ambayo dukani hakuivua hata dakika moja, aliiacha ndani ya gari, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambukiza. Tulirudi nyumbani mapema Aprili, na siku chache baadaye akaanza homa, kikohozi na uchovu uliomfanya ashindwe kupanda ngazi 6. Mawazo yetu yote yalikwenda kwenye korona. Alipimwa mara mbili, hana. Akapewa dawa za nimonia, akamaliza dozi, akapewa nyingine, na bado usiku nilibadilisha mashuka yaliyolowa jasho. Wiki ya 5 daktari mwingine aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: baridi yote mlikuwa wapi? Tulipotaja Arizona aliagiza damu ipimwe kuvu aina ya Coccidioides, na ndiyo iliyokuwa imemkaa mapafuni.

Kuvu hiyo huishi kwenye udongo mkavu wa kusini-magharibi mwa Marekani. Udongo ukichimbuliwa au kupeperushwa, mbegu zake zisizoonekana kwa macho huvutwa na pumzi, na dalili hutokea baada ya wiki 1 hadi 3, wakati huenda umeshafika kwako, mbele ya daktari ambaye hajawahi kuuona ugonjwa huo. Hauambukizi kutoka mtu kwa mtu, na wengi hupona bila dawa. Lakini wazee, wenye kisukari na watu wenye asili ya Afrika wamo katika makundi yanayoweza kuugua vibaya zaidi, na hao ndio sisi tunaosomeana maandishi haya. Mume wangu alimeza dawa za kuvu kwa miezi 6.

Kwa hiyo bebeni barakoa za N95 kwa ajili ya vumbi, hata pasipo na mtu wa karibu. Upepo ukivuma, fungeni madirisha mkae ndani. Kazi ya kuchimba mpeni kijana, au lowesheni udongo kwanza. Na mkirudi mkiwa na kikohozi, msingoje kuulizwa. Sentensi ya kwanza kwa daktari iwe kwamba mlikuwa jangwani Arizona.

Msiegeshe kwenye mkondo mkavu wa maji, hata kama mchanga wake ni laini na tambarare, kwa sababu mvua ya mbali huujaza ghafla. Kung'uteni viatu kabla ya kuvivaa. Mafuta ya gari yasishuke chini ya nusu tangi. Namba ya simu ya jirani iandikeni kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, na yeye mpeni yenu jioni ileile mnayofika.