Machicha ya bia kwa mifugo: hesabu siku kabla ya kilo

Machicha, yaani mabaki ya nafaka iliyochipuzwa na kutengenezewa bia, ni chakula kizuri cha ng'ombe. Ukiyakausha, robo hivi ya uzito wake ni protini. Lakini yakiwa mabichi karibu asilimia 80 ni maji, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 1. Muulize muuzaji yalitoka lini kwenye mtambo wa bia, siyo yalifika lini kwake. Kwenye joto, siku ya tatu mimi siyalishi tena.

Hatua ya 2. Kagua. Mazuri yana rangi ya kahawia na harufu ya uji wa nafaka. Ukiona madoa meupe, ya kijani au mekundu, tupa yote. Tafadhali usichambue! Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho, huenea kupita doa, na kuchemsha hakuimalizi. Nyingine hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, na anayekunywa maziwa ni mtoto. Hasara ya gunia moja ivumilie.

Hatua ya 3. Usiyotumia ndani ya siku mbili, yashindilie kwenye pipa hadi hewa itoke, ufunike kabisa, uache wiki tatu. Ukishafungua, chota tabaka la juu kila siku.

Hatua ya 4. Anza na kilo 2, ongeza polepole kwa wiki mbili. Ng'ombe mkubwa wa maziwa asizidi kilo 15 kwa siku, na majani yatangulie. Ongeza chokaa ya mifugo, kwa kuwa machicha yana kalsiamu kidogo.

Maswali ya wanachama

Mashapo ya hamira chini ya pipa la bia, nayo yanafaa?
Yachemshe kwanza. Hamira hai huendelea kuchacha tumboni, mnyama akavimba kwa gesi.

Nina kondoo. Niwape?
Ya bia, kwa kiasi. Mabaki ya pombe kali iliyokenekwa kwenye mitambo ya shaba usiwape. Shaba hujilimbikiza kwenye ini la kondoo kimyakimya, kisha anakufa ghafla.

Mbwa wangu amekula mabaki yenye hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu.
Mkimbize kwa daktari sasa hivi. Hopsi humpandisha mbwa joto la mwili hadi kumuua.

Ng'ombe wangu anatetemeka na miguu ya nyuma inayumba.
Acha machicha leo, kwa kundi zima. Kuna ukungu unaoota kwenye nafaka iliyochipuzwa, sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Mwite daktari wa mifugo, umwekee kopo la machicha hayohayo ayapime.