Mtoto akirudi nyumbani baada ya upasuaji wa moyo: wiki 8 za mwanzo

Ili kuufikia moyo, madaktari huupasua kwa urefu mfupa wa katikati ya kifua, kisha wakimaliza huufunga tena kwa waya au nyuzi imara. Ngozi ya juu yaweza kuonekana imepona ndani ya wiki 2, lakini mfupa huhitaji wiki 6 hadi 8 kushikana. Tofauti hiyo ndiyo huwadanganya watu nyumbani. Kidonda kimekauka, mtoto anacheka, na mjomba aliyekuja kusalimia anamnyakua kwa makwapa na kumrusha juu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumnyanyua. Usimshike kwapani, usimvute mikono. Pitisha mkono mmoja chini ya shingo na mabega, mwingine chini ya makalio, umwinue mwili mzima kwa pamoja. Mtoto mkubwa ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu kitandani, nawe umwegemeze mgongoni mpaka akae. Mbeleko isubiri hadi daktari aruhusu, kwa kuwa humbana kifua na kumtanua mikono. Kumkanda na kumnyoosha viungo baada ya kuoga nako kusubiri. Mwelezeni bibi haya kabla mtoto hajafika, tena kwa heshima na kwa sababu zake, maana yeye ndiye atakayebaki naye mchana.

Dawa ndizo zinazohitaji umakini kuliko yote. Watoto wengi hutoka na furosemidi, ile inayoitwa Lasix, ya kupunguza maji mwilini. Vidonge vyake vimetengenezwa kwa watu wazima, hivyo mara nyingi mzazi huelekezwa kukisaga kimoja, kukichanganya na maji kisha kumpa mtoto sehemu tu. Tuseme mfamasia amekuambia kidonge cha miligramu 40 kiingie kwenye mililita 10 za maji: kila mililita 1 itabeba miligramu 4. Hesabu ni sahihi, ila unga wa dawa hii hauyeyuki vizuri, huzama chini. Ukivuta kwa bomba la sindano kutoka juu, mtoto anapata maji matupu, ukivuta kutoka chini anapata dawa nyingi mno. Koroga, vuta papo hapo, na usome kipimo kwenye ukingo wa mpira mweusi ulio upande wa ncha ya bomba. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano, kamwe si kijiko cha chai. Kabla hujaondoka hospitali, ichanganye dawa mwenyewe mbele ya muuguzi au mfamasia akuone.

Dozi ikisahaulika, usimpe mbili kwa pamoja. Akitapika dawa, usirudie kwa kubahatisha, hasa digoksini, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, kwa kuwa ikizidi kidogo tu huvuruga mapigo ya moyo. Piga simu wodini uulize. Anayetumia aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu isigande, asipewe dawa za maumivu za ibuprofeni wala diklofenaki. Wa warfarini anaruhusiwa kula mchicha na matembele, lakini kwa kiasi kilekile kila wiki. Mboga za majani zikiongezeka ghafla, dawa hupungua nguvu. Akipata kuhara huku anatumia dawa ya kupunguza maji, ongea na daktari siku hiyohiyo, maana atakauka upesi.

Kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni isiyo kali, kisha kikaushwe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Asikae ndani ya beseni hadi kifunge kabisa. Usipake samli, asali, poda wala dawa ya mizizi. Kitazame kila asubuhi penye mwanga: wekundu unaosambaa, usaha, mahali palipoachia, au mfupa unaogonga mtoto akikohoa, vyote ni vya kurudi hospitali leo.

Nunua kipimajoto na ukitumie kabla ya kumpa panado, vinginevyo utaificha homa. Ikifika nyuzi 38 za Selsiasi, piga simu. Kwetu homa hudhaniwa malaria, na ni sawa kupima malaria, lakini jibu lolote litakalotoka halifuti hatari ya kidonda au moyo kupata maambukizi. Mwambie kila mhudumu atakayempokea mtoto kwamba amefanyiwa upasuaji wa moyo, na tarehe yake.

Kuna tatizo jingine linalokuja kimya katika wiki hizi: maji kujaa kuuzunguka moyo. Mtoto hupoteza hamu ya kula, hutapika, hulegea, hupumua haraka; mkubwa hulalamika kifua kinauma akilala chali, na nafuu huja akikaa. Wengi hudhani ni tumbo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Kupumua kuhesabiwe akiwa amelala, dakika 1 nzima, ukitazama tumbo. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno. Akibadilika rangi ya midomo kuwa ya buluu kuliko alivyotoka wodini, au akizimia, nenda hospitali iliyo karibu mara moja.

Anayenyonya akitokwa jasho kichwani na kuchoka, mpe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi.

Usiku huenda akaota ndoto za kutisha, akakojoa kitandani ilhali alishaacha, akakataa kuachwa peke yake. Hayo ni ya kawaida na hupungua. Usimkaripie. Lala naye chumba kimoja.

Wanaotoka Kigoma au Bukoba kuja kutibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wakipata ndugu wa kuwapokea wabaki mjini hadi kliniki ya kwanza. Bodaboda isitumike. Barua ya kuruhusiwa ipigwe picha, ibaki kwenye simu za watu wawili. Kadi ya chanjo iende kliniki pia, kwa kuwa mtoto aliyeongezewa damu huweza kuahirishiwa chanjo ya surua. Apige mswaki mara 2 kwa siku, na kabla ya kung'olewa jino daktari wa meno aulizwe kama anahitaji antibiotiki kwanza, kwa sababu bakteria wa kinywani huweza kupita kwenye damu na kushika kiraka kipya kilichoshonwa ndani ya moyo.