Kupanga gitaa: anza na shingo, daraja lisubiri

"Fundi, nyuzi ziko juu, nishushie." Hivyo ndivyo wengi wanavyoanza wanapoleta gitaa kwangu. Dalili wameiona vizuri, ila dawa wameshajiandikia wenyewe. Nyuzi huwa juu kwa sababu nyingi: shingo imepinda kwenda mbele, kifupa cha juu (kile cha kichwani chenye mifereji ya nyuzi) hakikuchongwa vya kutosha, daraja (pale nyuzi zinapofungwa mwilini) limeinuka, au ubao wa mbele umevimba kwa unyevu. Ukimtibu mgonjwa wa tumbo kwa dawa ya macho unamharibu, na gitaa ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mfuatano wangu haubadiliki: shingo, kisha kifupa cha juu, kisha kimo cha nyuzi darajani, mwisho usahihi wa sauti, yaani kila freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) itoe sauti yake kamili. Ukianzia mwisho utarudia kazi yote, kwa sababu shingo ikisogea kidogo tu, kila kipimo ulichochukua kabla kimebatilika.

Kabla ya kushika bisibisi, mpe mwenye gitaa alipige. Mwache apige nyimbo zake, kwa nguvu zake, akiwa amekaa anavyokaa siku zote. Nimepokea gitaa ambalo mikononi mwangu halikukwaruza hata kidogo, lakini lilipigwa na mwenyewe likawa linalia kila freti. Yeye alipiga mdundo kwa mkono mzito, mimi nilikuwa nadonoa kwa vidole. Gitaa la mtu wa namna hiyo linahitaji nyuzi zilizoinuka kidogo, na hakuna kipimo cha kitabuni kitakachokwambia hilo.

Kisha vaa nyuzi mpya, za unene uleule atakaotumia. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma kwenye gitaa la akustika (lisilo la umeme) huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70 zikijumlishwa, na ukibadilisha unene unabadilisha mvuto huo, na shingo inaitika. Tyuni gitaa kwa sauti atakazopigia. Anayeshusha uzi mnene wa sita hadi sauti ya D apimiwe kwenye D.

Vifaa si vingi. Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ileile ya mafundi magari, kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni), tyuna nzuri, funguo za L za saizi mbalimbali, msasa wa namba tofauti, na tupa nyembamba za kuchongea mifereji ya nyuzi. Hizo tupa ndizo ghali na ndizo zisizo na mbadala wa maana. Andika kila kipimo kabla hujagusa kitu. Karatasi hiyo itakuokoa ukitaka kurudisha gitaa lilivyokuwa.

Shingo

Uzi unaotetema hautembei kwenye mstari mmoja. Unapanuka katikati na kubana kwenye ncha zake. Ndiyo sababu shingo inatakiwa iwe na upinde mdogo sana kwenda mbele, ili katikati pawe na nafasi ya uzi kucheza. Weka kapo kwenye freti ya 1, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapokutana na mwili (kwenye akustika nyingi ni freti ya 14), uzi wenyewe ukawa rula yako. Sasa pitisha fila geji kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7. Mimi hulenga milimita 0.15 hadi 0.25. Mpigaji wa mkono mwepesi anaweza kwenda chini ya hapo. Kama hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kwenda nyuma.

Chuma kinachorekebisha upinde huo kimo ndani ya shingo. Kampuni ya magitaa ya Gibson ndiyo iliyokisajili kwa hataza iliyotolewa mwaka 1923, kazi ya Thaddeus McHugh, na hadi leo karibu kila gitaa la nyuzi za chuma linacho. Magitaa mengi ya klasiki yenye nyuzi za nailoni hayana, kwa sababu mvuto wake ni mdogo, kwa hiyo usitafute tundu ambalo halipo.

Kukaza, yaani kuzungusha kama mshale wa saa, kunanyoosha shingo. Kulegeza kunairuhusu ipinde mbele. Zungusha robo mzunguko, si zaidi, tyuni upya, pima tena. Ufunguo uwe saizi kamili na uingie hadi mwisho. Ukiingia nusu, utakula pembe za nati ya chuma hicho na hapo kazi ya dakika kumi imegeuka upasuaji. Nati ikigoma, simama. Legeza nyuzi, saidia shingo kwa mkono ielekee unakotaka, ndipo ujaribu kwa upole. Ikigoma bado, usiilazimishe.

Na hapa nasema kwa msisitizo: chuma hiki si cha kushushia nyuzi. Ni kweli ukikaza nyuzi zitashuka, na ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini umeshusha katikati ya shingo tu, na freti za mwanzo zitaanza kukwaruza. Kimo cha nyuzi kina mahali pake, tutafika.

Kifupa cha juu

Hapa ndipo gitaa jipya la bei nafuu huwa na kasoro, na hapa ndipo mwanafunzi huvunjika moyo akidhani vidole vyake ni dhaifu. Kodi ya F (sauti kadhaa zinazobanwa na kupigwa pamoja) inamshinda, na hata akiibana vizuri sauti zinakuwa juu kidogo kwenye freti za mwanzo ingawa gitaa lina tyuni sahihi likipigwa wazi. Chanzo ni kile kifupa kilichopo kichwani: mifereji yake haina kina cha kutosha, uzi unaning'inia mbali na freti ya 1, na kuushusha hadi kwenye freti kunauvuta ukaze zaidi ya hesabu.

Kupima: bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Iwe ndogo, unene wa karatasi ya kawaida, kiasi cha milimita 0.1, na kwa nyuzi nene iwe zaidi kidogo. Ukiudonoa uzi hapo juu ya freti ya 1 unapaswa kusikia "tik" ndogo. Usiposikia kitu, uzi umeshakaa juu ya freti na mfereji umezama mno.

Kuchonga ni kazi ya subira. Chagua tupa yenye upana sawa na uzi au unaozidi kiduchu. Legeza uzi, uweke pembeni, piga tupa mara mbili tatu huku umeinamisha kuelekea kichwani, rudisha uzi, tyuni, pima. Ndiyo, kila mara. Mteremko huo wa kwenda nyuma ni wa lazima: uzi unatakiwa uachie kifupa kwenye ukingo wa mbele kabisa, upande wa freti. Ukiachia nyuma ya hapo, uzi wazi utalia kwa mnong'ono wa kuparuza na hautashika tyuni. Chini ya mfereji pawe na mviringo unaokumbatia uzi, si umbo la V linaloubana. Uzi unaobanwa utausikia ukitoa "ting" unapozungusha kigingi, halafu sauti inaruka. Paka risasi ya penseli ndani ya mfereji, tatizo dogo la namna hii huisha.

Mfereji ukizama kupita kiasi, unga wa mfupa uliochanganywa na tone la supagluu unaweza kuujaza, kisha ukachongwa upya. Mimi nalihesabu hilo kuwa la muda. Kifupa kipya ndicho kazi safi.

Kimo

Sasa ndiyo tunashusha nyuzi. Pima kwenye freti ya 12, toka kichwa cha freti hadi chini ya uzi, bila kapo. Gitaa la umeme: takriban milimita 1.5 kwa uzi mwembamba wa kwanza na 2.0 kwa uzi mnene wa sita. Akustika ya nyuzi za chuma: 2.0 na 2.5. Klasiki: 3.0 na 4.0, kwa sababu nailoni hutetema kwa upana zaidi. Hizi ni namba za kuanzia. Baada ya hapo mkono wa mpigaji ndio unaoamua.

Kwenye gitaa la umeme ni skrubu ndogo za darajani, na kazi yako ni kuhakikisha nyuzi sita zinafuata mviringo wa ubao wa vidole. Kwenye akustika lazima upunguze kifupa cha daraja, na hesabu yake ni hii: freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita 0.5 pale, ondoa milimita 1 darajani. Piga mstari wa penseli, bandika msasa juu ya kioo, sugua upande wa chini wa kifupa huku umekishika wima. Upande wa chini ukiwa na mgongo, pikapu (kinasa sauti cha gitaa) iliyo chini yake itasikia nyuzi nyingine kwa nguvu na nyingine kwa unyonge.

Ikiwa bado kuna kukwaruza, sikiliza ni wapi. Uzi wazi peke yake ukilia, rudi kwenye kifupa cha juu. Freti za 1 hadi 5 zikilia, shingo haina upinde wa kutosha. Sehemu ya juu ya ubao ikilia, kuanzia 12 kwenda mbele, nyuzi ziko chini mno au ubao umeinuka pale unapoungana na mwili. Sauti moja tu mahali pamoja: freti inayofuata mbele ya kidole chako imeinuka.

Freti hiyo usiikimbilie kwa tupa. Weka kipande cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu. Kikiyumba, ya katikati iko juu. Ibonyeze kwa kijiti. Ikizama na kurudi, haijakaa kwenye mfereji wake, na inataka kugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki na gundi nyembamba, si kusagwa. Kusaga freti zote ni hatua ya mwisho: nyoosha shingo kabisa, paka kila freti makapeni, pitisha ubao ulionyooka wenye msasa wa 400 hadi wino utoke kila mahali, kisha rudisha mviringo wa kila freti kwa tupa yake mpaka ubaki mstari mwembamba wa wino katikati, na ung'arishe. Ziba pikapu kwa teipu kwanza. Unga ukiingia humo hautoki kirahisi.

Usahihi wa sauti

Piga sauti ya kengele kwenye freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza), kisha bonyeza hapohapo upige. Tyuna izione zote mbili sawa, gitaa likiwa limeshikwa kama linavyopigwa, si limelazwa mezani. Sauti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kipande cha daraja nyuma, uzi urefuke. Ikiwa chini, kilete mbele. Tyuni upya kila unaposogeza.

Akustika daraja lake limegundishwa, hivyo marekebisho hufanywa kwa kuchonga ukingo wa juu wa kifupa mbele au nyuma. Kwenye banjo na mandolini ni raha zaidi: daraja linashikiliwa na nyuzi tu, linasogezwa kwa mkono. Ila banjo uikaze ngozi yake kwanza, maana ngozi ikilegea daraja linazama na kimo nacho kinazama. Ukulele ndogo haina pa kusogeza. Hapo nyuzi nzuri na kifupa cha juu kilichochongwa vizuri ndivyo vyote ulivyo navyo.

Unyevu na gundi

Gitaa la mbao halisi, si plaiwudi, hukaa vizuri kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Likikauka, utahisi ncha za freti zikikwaruza kiganja pembeni mwa shingo, ubao wa mbele unazama, na ufa unaweza kufuata. Likinywa unyevu, ubao unavimba na nyuzi zinapanda. Usilipange likiwa katika hali hizo. Lirudishe kwenye unyevu wake kwa siku kadhaa ndani ya boksi, ndipo upime. Mara nyingi nusu ya "ugonjwa" itakuwa imeondoka.

Daraja linalobanduka utalijua kwa karatasi: ijaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma. Ikiingia zaidi ya ukingo, legeza nyuzi leo hii. Daraja libanduliwe kwa joto, pande zote mbili zisafishwe hadi mbao, kisha lirudishwe kwa gundi ya ngozi ya wanyama au gundi ya manjano ya maseremala, na klampu hadi kesho yake. Usikubali epoksi. Imejaa kwenye madaraja ninayoletewa, na kuitoa hula mbao ambayo hairudi. Gundi ya gitaa lazima iwe ile ambayo fundi ajaye ataweza kuifungua.

Ukimaliza yote, usimpigie simu mwenye gitaa saa hiyohiyo. Liache limetyuniwa usiku kucha. Asubuhi pima tena upinde wa shingo, kwa sababu mbao huendelea kutulia baada ya wewe kuweka ufunguo chini. Kama umesogea, ongeza ile sehemu ndogo ya mzunguko inayohitajika, hakiki kimo na usahihi, kisha andika vipimo vya mwisho kando ya vile vya mwanzo na umpe mwenyewe karatasi hiyo pamoja na gitaa lake.