Namna ya kusoma riwaya za mapenzi bila kuukwamisha mpango wa kujichapishia kitabu

Mwandishi anayejichapishia riwaya za mapenzi ana kazi mbili zinazogombania jioni ileile. Kuna muswada, mhariri, msanifu wa jalada, mchapaji na wateja wanaouliza kitabu kitatoka lini, na kuna riwaya za wenzake, ambazo asipozisoma atajikuta anaandika mambo ambayo wasomaji wameshayachoka. Wengi wetu hujaribu kugawa kwa saa, saa moja ya kusoma na mbili za kitabu, na mgawo huo huvunjika ndani ya wiki kwa sababu riwaya tamu haikubali kufunikwa eti imefika saa tatu usiku. Kilichonifaa mimi ni kugawa kwa hatua za kitabu. Kila hatua ya uchapishaji ina usomaji unaoendana nayo, na zipo hatua mbili ambazo riwaya ya mtu mwingine haina budi kubaki kabatini.

Anza kwa kuorodhesha hatua zako kwenye ukurasa mmoja wa daftari: rasimu, mapumziko ya muswada, uhariri, usanifu wa kurasa na jalada, prufu (kurasa zilizokwisha kupangwa, unazosahihisha mara ya mwisho kabla ya kuchapwa), uchapaji, mauzo. Kando ya kila hatua andika ni nani anayeshika kazi wakati huo. Utaona kwamba kwa wiki nyingi kazi iko kwa mhariri, kwa msanifu au mashineni, na wewe unasubiri tu huku ukipiga simu ambazo haziharakishi chochote. Muda huo wa kusubiri ndio muda wako wa kusoma, nao umekwisha kulipiwa.

Hatua ya kwanza iliyofungwa ni rasimu. Unapoandika, usisome riwaya ya mapenzi ya Kiswahili, hasa ya mwandishi unayemhusudu, kwa maana sauti yake itapenya katika sentensi zako bila kubisha hodi. Niliwahi kuandika sura tatu ambamo msichana wangu wa Pangani alizungumza kama wasichana wa riwaya niliyokuwa nayo kitandani, na ilinilazimu kuzifuta zote. Wakati wa rasimu mimi husoma ushairi na magazeti, na inanitosha.

Rasimu ikiisha, uweke muswada kando kwa mwezi mzima, na hapo sasa usome kwa uhuru. Chagua riwaya tatu za mapenzi zinazokaribiana na yako, usome kila moja mara mbili. Mara ya kwanza isome kama msomaji mwingine yeyote, ukeshe nayo ukipenda, kwa sababu mwandishi wa mapenzi aliyesahau raha ya kukesha na kitabu hataweza kumpa mtu mwingine raha hiyo. Mara ya pili shika penseli na upitie sehemu tatu tu: kurasa za mwanzo, miisho ya sura, na pale wapenzi wanapotengana.

Miisho ya sura ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi. Tuseme sura inakwisha kwa Mwanaidi kulala huku akilia. Msomaji atamwonea huruma, kisha naye atazima taa alale. Lakini sura hiyo ikiishia pale mshenga anapopiga hodi, barua ya posa mkononi, na Mwanaidi akatambua mwandiko ambao si wa yule aliyemtarajia, msomaji atafungua ukurasa unaofuata hata kama alfajiri ana safari. Andika katika daftari mstari wa mwisho wa kila sura ya riwaya uliyoisoma, halafu uandike ya kwako kando yake. Zoezi hili huchukua jioni moja, nalo limenifundisha mengi kuliko ushauri wowote niliopewa kwa mdomo.

Muswada ukiwa kwa mhariri, usomaji wako ujibu maswali ya mchapishaji. Kumbuka kwamba mchapaji ni mwenye mashine, lakini mchapishaji ni wewe, na maamuzi yote ni yako. Chukua vitabu vitano vya mapenzi vinavyouzwa unapokusudia kuuza, unakili kwa mkono maelezo ya jalada la nyuma, uone kila kimoja kinaacha kusimulia wapi. Andika pia bei, ukubwa na idadi ya kurasa. Idadi hiyo ina maana kubwa mashineni: karatasi ya A2 iliyochapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16 za A5, kwa hiyo kitabu cha kurasa 192 kinakaa sawasawa kwenye mikunjo 12, ilhali kitabu cha kurasa 196 kinadai karatasi ya ziada kwa ajili ya kurasa nne tu. Kupunguza aya chache au kubana nafasi ya juu ya sura kunaweza kukuokolea fedha katika kila nakala.

Katika kipindi hichohicho omba ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu chako. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja linahitaji namba yake.

Hatua ya pili iliyofungwa ni prufu. Katika kitabu changu cha kwanza nilikuwa nikisahihisha prufu jioni na kusoma riwaya ya mwingine usiku, na nakala zilipotoka, dada wa mhusika mkuu alikuwa Zamda katika sura ya tatu na Zainabu katika sura ya kumi na nne. Zainabu alikuwa wa riwaya ile nyingine. Msomaji mmoja alinipigia kwa upole kuuliza kama ni madada wawili, na mpaka leo najutia kwamba fedha yake ilinunua kosa langu. Tangu hapo huchapa prufu kwenye karatasi, huisoma kwa sauti huku nimeweka rula chini ya mstari, na huwa na orodha ya majina, umri na siku, ili ndoa iliyopangwa baada ya Ramadhani isije ikafungwa katikati ya mfungo.

Faili zikishafika kwa mchapaji, kabati linafunguliwa tena. Safari hii soma simulizi zinazotolewa kwa vipande kwenye simu, maana ndiko waliko wasomaji wetu wengi, na utazame maoni yanayofuata neno “itaendelea”. Wanaolalamika kwamba wameachwa na arosto, yaani hamu kali ya kujua kinachofuata, ndio wanunuzi. Ukiamua kutoa vipande vya kwanza bure kabla ya kuuza kitabu, sajili kazi yako kwanza katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, na usitoe hata kipande kimoja kabla hujaandika sura ya mwisho. Nasema hivi kwa kusisitiza, kwani msomaji aliyelipa kwa M-Pesa kisha akasubiri miezi miwili kipande kisichokuja hatakuamini tena.

Katika hatua zile mbili zilizofungwa, watu hawataacha kukusimulia riwaya nzuri walizosoma. Tenga ukurasa wa nyuma wa daftari, uandike jina la kitabu, aliyekutajia na sababu aliyoitoa, kisha urudi kwenye kazi yako. Wa kwangu leo una riwaya sita. Ile ya kwanza nimeazimwa na mteja wangu wa siku nyingi, anaitaka kabla mwezi haujaisha, nami nimemwahidi kuianza siku mhariri atakapouchukua muswada.