Kumlea mtoto Mkatoliki Mombasa: kuanzia kitabu cha ubatizo hadi Gredi ya 9

Mtoto wa jirani yako Mwislamu pale Kisauni huenda chuoni, yaani madrasa, karibu kila jioni. Wako anapata mafundisho ya dini Jumamosi tu, tena kuna siku mvua ya masika imeziba njia. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha nani hasa mwalimu wa dini wa mtoto huyu. Kanuni za 774 na 793 za Sheria ya Kanisa zinaweka wajibu huo kwa wazazi. Katekista na shule wanakusaidia tu.

Ubatizo usingoje pesa za sherehe. Kanuni ya 867 inataka mtoto abatizwe katika wiki za kwanza. Msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke, na wakiwa wawili, mmoja awe mwanamume na mwingine mwanamke. Awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki aliyepata Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa katika imani) na Ekaristi, mwenye kuishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Wengi humchagua mwenye mkono wazi wa zawadi, ambaye baada ya picha za siku hiyo hamwoni mtoto tena. Afadhali mwenzenu wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani atakayeuliza, "Mbona jana sikukuona kanisani?"

Sajilini uzazi kabla ya miezi 6 kupita, kisha mwende na cheti cha kuzaliwa ofisi ya parokia ili majina na tarehe zilingane. Mtoto akiwa Yosefu kanisani na jina jingine kabisa shuleni, atakuja kuhangaika kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja.

Halafu kuna ukingo wa kitabu cha ubatizo, ambao wazazi wengi hawaujui. Pembeni mwa jina la mtoto huandikwa Kipaimara chake, na baadaye ndoa, upadre au nadhiri za daima. Akibatizwa Changamwe kisha akapata Kipaimara Bamburi, taarifa inapaswa kutumwa Changamwe. Mara nyingine haifiki. Mwezi mmoja baada ya Kipaimara, pita parokia ya ubatizo, taja tarehe ya ubatizo na namba iliyo kwenye cheti cha ubatizo, uombe waangalie ukingo ule. Kazi hii ni ya dakika chache. Ikiachwa, huibuka miaka 20 baadaye, wiki za kuandikisha ndoa, paroko anapotaka cheti kipya cha ubatizo na cheti kinatoka bila Kipaimara.

Nyumbani, tengeni dakika 10 kila jioni, baada ya chakula na kabla ya televisheni. Wa miaka 3 afundishwe ishara ya msalaba; wa 5, Baba Yetu na Salamu Maria; anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, Nasadiki na sala ya kutubu. Rozari nzima huwalaza watoto kabla ya fumbo la tatu, na wakishazoea kuilalia wataiona adhabu. Salini fumbo moja kwa jioni: Baba Yetu 1, Salamu Maria 10, Atukuzwe 1. Mtoto ndiye aongoze, ashike punje mwenyewe, na akikosea mwache ajirudi. Kwa jioni 5 mmemaliza rozari nzima.

Mwanzoni mwa muhula mwambie mwalimu wa tuisheni kwamba saa za katekisimu ya Jumamosi hazigusiki. Mtoto akirudi, usimuulize amefundishwa nini, maana atajibu "mambo ya Mungu." Fungua daftari lake umwambie akufundishe wewe. Hapo utajua kilichoingia na kilichonakiliwa tu ubaoni.

Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, hutangulia Komunyo ya Kwanza, na watoto huogopa giza la kiti cha maungamo kuliko dhambi zenyewe. Mpeleke siku ya kawaida akione, apige magoti, ajizoeze maneno ya kuanzia. Usimwandikie orodha ya dhambi. Na akitoka, usimuulize kamwe amesema nini.

Ada ya shule ya Kikatoliki ikiwashinda, msijitie madeni. Kanuni ya 798 inatambua hali hiyo, ila inawadai mtafute malezi ya Kikatoliki nje ya shule. Somo la CRE (elimu ya dini ya Kikristo shuleni) ni zuri, lakini ni la Wakristo wote. Halitamwandaa mtoto kwa sakramenti.

Kuhusu masomo ya mbele, wazazi hushtuka Gredi ya 9 wakati sehemu kubwa imeshaamuliwa. Katika kupangiwa sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12), KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, asilimia 60. Kazi ya mradi iliyopuuzwa Gredi ya 7 ni alama iliyopotea. Mikondo ya masomo ni mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Kabla hajachagua, mpeleke aone kazi kwa macho: fundi wa meli, muuguzi, mwalimu, seremala. Kwenye jumuiya yenu hawakosekani, na wengi watakubali mtoto akae nao siku nzima ya likizo. Kisha hakikisha shule anayoitaka inafundisha masomo matatu anayoyachagua ndani ya mkondo wake, kwa sababu si kila shule inayo yote.

Mshauri, lakini usimchagulie. Katekisimu ya Kanisa, namba 2230, inawakataza wazazi kumlazimisha mtoto kazi au mchumba. Hata wito wa upadre au utawa ni hivyo hivyo: mruhusu atumikie altareni, azungumze na padre na masista, usimsukume wala usimzuie.

Vyeti vyote viweke kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaofungika, juu ya kabati, mbali na ukuta. Unyevu wa pwani hula karatasi, na wino wa muhuri hufifia.